Mafuta ya Breki Yalikuwa Yakienda Wapi?

Huenda wanachuo wakashangaa kukuta habari za breki ya gari katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na maandalio ya masomo, zana za kufundishia na namna ya kuuliza maswali darasani. Sisi wenyewe hatukudhani kwamba siku moja tungekaa chini tuandike juu ya pedali. Lakini katika mwaka 2022, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulitenda kosa moja mara mbili: mara ya kwanza chini ya boneti ya gari letu, na mara ya pili katika daftari la mtoto wa Darasa la Tatu. Kosa la kwanza lilikaribia kuua watu. La pili haliui mtu, na labda hiyo ndiyo sababu tulichelewa zaidi kuliona.

Yafaa tuanze na gari. Ni dogo, nalo limekwisha kuzeeka. Lilitufikia baada ya kupita katika mikono ya watu wengi. Pedali yake ya breki ilianza kulegea pole pole. Ukiigusa kwa ncha ya kiatu ilicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na ukiikanyaga ilikwenda mbali kabla ya breki kushika. Tukasema kwamba pedali imelegea, tukayahesabu mambo hayo mawili kuwa ugonjwa mmoja. Jumamosi moja tulijilaza chali chini ya usukani tukiwa na tochi mdomoni, tukaona mahali pedali inaponing'inia kwenye pini yake. Bushi mbili za plastiki zinazoizunguka pini ile zilikuwa zimelika hata zikabaki kama maganda. Tulinunua nyingine kwa bei ndogo, tukachomoa kipini cha usalama, tukatoa pini, tukaziingiza bushi mpya baada ya kuzipaka grisi, tukarudisha kila kitu mahali pake. Pedali ikaacha kucheza pembeni. Siku ya Jumatatu tuliwasimulia wakufunzi wenzetu kazi ile, nao wakatusifu.

Kwenda chini hakukuisha. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumekwisha sifiwa, tulijiona kama tunaona nafuu.

Tulipofungua boneti tuligundua kwamba mafuta ya breki katika kile kichupa chake cheupe yalikuwa chini ya mstari wa mwisho. Tuliyaongeza. Juma lililofuata yalikuwa chini tena, tukaongeza tena. Ikawa desturi: kila Jumamosi, baada ya chai, tunafungua boneti, tunamimina, tunafunga, tunajipangusa mikono kama watu waliotimiza wajibu wao. Tulikwisha kusoma mahali fulani kwamba mafuta hayo hushuka kidogo kadiri pedi za mbele zinavyolika, na hilo ni kweli kabisa. Lakini huko ni kushuka kwa miezi mingi, si kwa juma moja. Tuliushika ukweli huo mdogo tukajificha nyuma yake.

Mazoezi ya kufundisha yalipoanza tulipangiwa shule kadhaa katika milima ya Usambara. Wasomaji wanaoijua barabara inayotoka Mombo kupita Soni hadi Lushoto hawahitaji kuelezwa jinsi ilivyo. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini inapanda kutoka nyikani hadi mji ulioko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ikijikunja kando ya bonde, mwamba upande mmoja na mto chini upande wa pili. Kupanda kunaipa kazi injini. Kushuka kunazipa kazi breki.

Katika shule mojawapo tulikaa nyuma ya darasa, na fomu ya tathmini juu ya goti, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha kutoa kwa namba za tarakimu mbili. Somo lilikuwa limeandaliwa vizuri na ubao ulikuwa nadhifu. Mwishoni tulipitia madaftari, tukakuta la mtoto mmoja ambalo lilikuwa na alama za kosa na za sahihi zimechanganyika kama shamba lililopandwa bila mistari. Mtoto huyo aliandika kwamba 52 kutoa 37 ni 25. Aliandika kwamba 81 kutoa 46 ni 45, na 63 kutoa 28 ni 45 pia. Lakini 74 kutoa 31 alipata 43, na 68 kutoa 25 alipata 43, ambayo ni majibu sahihi. Mwanachuo alituambia kwamba mtoto huyo hana utulivu: akitaka anapata, asipotaka anakosa. Tulikubaliana naye bila kusita. Katika fomu tuliandika kwa wino kwamba mtoto aongezewe mazoezi ya kutoa, na mwanachuo tukampunguzia alama katika kifungu cha ufuatiliaji wa kazi za wanafunzi.

Alasiri hiyo tulishuka na wanachuo wawili katika kiti cha nyuma. Walikuwa wakibishana juu ya posho. Chini ya Soni, tulipoikaribia kona moja, tulikanyaga breki nayo pedali ikaenda chini laini, kama mtu anayekanyaga godoro. Gari lilipungua mwendo kidogo, likavuta upande mmoja, kisha likaendelea. Tulikuwa katika gea ya pili, na hilo hatuwezi kulitaja kama busara yetu, maana lilikuwa ni desturi tu tuliyofundishwa na dereva mmoja zamani. Tulipampu pedali mara nyingi upesi upesi, tukavuta breki ya mkono kidogo kidogo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ghafula, tukalisogeza gari upande wa mwamba hadi tairi zikasugua mfereji na gari likasimama. Nyuma yetu hakuna aliyesema neno. Mmoja wa wanachuo wale alikuwa amemshika mwenzake mkono, na aliendelea kuushika muda mrefu baada ya injini kuzimwa.

Wao walipanda daladala. Gari letu lilibebwa juu ya lori hadi nyumbani, kwa gharama iliyomeza sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa magari kwa miaka mingi, na ambaye sasa amestaafu, analima mboga. Jioni alikuja, mikono yake nyuma, akasimama mbele ya gari bila kuligusa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Linaumwa nini, mwalimu?"

Tulimweleza kwamba pedali imelegea, na kwamba bushi tulikwisha kuzibadilisha.

"Sikuuliza ulichobadilisha," alisema. "Nimeuliza linaumwa nini."

Kisha akaanza kuuliza, swali baada ya swali, kwa sauti ile ile. Ukiikanyaga ukaishikilia, inatulia au inazidi kuzama? Ukiipampu, inapanda? Ikipanda, ni ngumu au inabonyea? Gari linavuta upande? Upande upi? Mengi ya maswali hayo hatukuwa na majibu yake, ijapokuwa tulikuwa tumeiendesha pedali ile kila siku. Mwishoni akauliza kama mafuta yanapungua. Hapo angalau tulikuwa na jibu: tulimwambia kwamba yanapungua, na kwamba kila Jumamosi hatukosi kuyaongeza.

"Yanakwenda wapi?"

Tulinyamaza.

"Mafuta ya breki hayaungui kama petroli, mwalimu. Yakipungua, yako mahali. Kesho tutafute."

Hatuna budi kueleza hapa kwa nini maswali yale yalikuwa na maana, kwa sababu kila moja lilikuwa mlango wa chumba chake. Mguu unapoikanyaga pedali, pedali ni wenzo: huizidisha nguvu ya mguu mara nne hadi sita hivi, ikasukuma fito inayoingia katika silinda kuu. Humo mna bastola yenye raba, nayo husukuma mafuta katika mirija hadi kwenye magurudumu, ambako bastola nyingine hubana pedi kwenye diski au husukuma viatu vya breki kwenye dramu. Kanuni inayoyatawala hayo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, kwamba kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua ukubwa, hivyo kila unachosukuma huku kinatokea kule. Hewa hukubali kubanwa. Ikiingia katika mirija, mguu hufanya kazi ya kuibana hewa badala ya kubana gurudumu.

Kwa hiyo pedali inayokwenda chini ina magonjwa mengi yenye sura moja. Ikiwa inabonyea kama sponji, na ukiipampu inapanda kwa kitambo, shuku hewa. Ikiwa inakwenda chini kisha inagota kwa ugumu, na ukiipampu inagota juu zaidi, huenda viatu vya nyuma viko mbali mno na dramu na vinahitaji kurekebishwa. Ikiwa unaishikilia kwa nguvu ile ile nayo inazama pole pole, huku kiasi cha mafuta hakipungui, basi mafuta yanapenya kandokando ya raba ndani ya silinda kuu yenyewe, na nje hutaona hata tone. Na ikiwa mafuta yanapungua, pana mahali yanatoka, na mahali hapo pakitoa mafuta leo kesho paweza kuingiza hewa. Kucheza pembeni, ambako ndiko tulikokutibu kwa fahari, kulikuwa ni ugonjwa wa tano usiohusiana kabisa na ile minne. Bushi zile zilikuwa mbovu kweli. Tulikosea kudhani kwamba ubovu tuliouona ndio ubovu tuliokuwa tukiusikia chini ya mguu.

Asubuhi tuliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukalinyanyua gari kwa jeki upande wa nyuma, na mzee akakataa katakata mtu yeyote kusogea kabla ya kuliegemeza juu ya stendi za chuma. Jeki hunyanyua tu, alisema, haiaminiwi kushikilia. Aliitazama mirija yote kwanza; ilikuwa mikavu. Tuliachia breki ya mkono, tukatoa gurudumu la nyuma la kushoto na kuivuta dramu yake, ambayo ilitoka kwa shida. Ndani palikuwa pameloa. Raba za silinda ndogo ya gurudumu zilikuwa zimechoka, na kila tulipokanyaga breki kwa majuma yote yale mafuta yalipenya kidogo yakalowesha viatu vya breki, yakabaki humo ndani ya dramu mahali ambapo jicho la mpita njia haliyaoni. Ndiyo maana sakafu ya banda letu ilikuwa kavu siku zote. Ndiyo maana pia gari lilivuta upande mmoja: viatu vilivyolowa havikamati.

Mafuta tuliyoyamimina kila Jumamosi yalikuwa hapo.

Tulitaka kupuliza vumbi lililogandamana. Mzee alituzuia, akatumia kitambaa kilicholowa, kwa kuwa viatu vya zamani huweza kuwa na asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Tulinunua silinda mpya ya gurudumu na viatu vipya vya pande zote mbili, maana ukibadilisha upande mmoja tu gari litavuta. Chupa tuliyokuwa tumeibakiza nusu tangu zamani alitwambia tuiache, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakikwisha kunywa maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu kama ule wa Soni mafuta yaliyochoka huweza kuchemka, na mvuke hubanwa kama hewa.

Kisha ikaja kazi ya kutoa hewa, na hapo tulipata somo ambalo hatukulitarajia. Kazi hii huhitaji watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye gurudumu. Mzee alikaa kando juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatuachia. Kwenye pedali tulimweka binti yetu wa Darasa la Tano, baada ya mzee kuweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho kabisa na kuzikwangua raba za silinda kuu katika sehemu ambayo haijazoea kufika. Magari mengi huanziwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na kwetu lilikuwa ndilo hilo la kushoto nyuma. Tuliunganisha mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha ya pili tukaizamisha katika chupa yenye mafuta kidogo. Binti alikanyaga, tukalegeza skrubu, mafuta yakatoka na mapovu. Tukasema, "Basi." Tukakaza skrubu. Akakanyaga tena, mapovu yakatoka tena. Tulifanya hivyo kwa muda wa saa nzima, mapovu yakawa hayaishi, na sauti yetu ikaanza kupanda. Tulimwuliza binti kama anasikiliza kweli. Alijibu, akiwa karibu na machozi, kwamba anasikiliza, na kila tunaposema basi yeye anaacha.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwetu neno "basi" lilimaanisha kwamba sasa tunakaza skrubu. Kwake lilimaanisha kwamba ainue mguu, jambo ambalo mtoto yeyote mtiifu angelifanya. Mguu uliinuka kabla skrubu haijakazwa, na pedali ikavuta hewa kurudi ndani. Saa nzima tulikuwa tukitoa hewa kwa mkono mmoja na kuiingiza kwa neno letu wenyewe. Tulimwomba radhi. Tukaafikiana maneno matatu tu: sisi tutasema "kanyaga", naye akishafika chini na kushikilia atajibu "nimeshikilia", na mguu hautainuka mpaka asikie "achia". Mapovu yaliisha upesi hata tukaona haya. Tulimaliza magurudumu mengine kwa utaratibu ule ule, huku tukitazama kichupa kisipungue hata kikaingiza hewa, na mafuta yaliyotoka hatukuyarudisha. Pedali ilisimama juu, ngumu. Tulishusha gari, tukawasha injini, tukaikanyaga na kuishikilia tukihesabu hadi sitini, haikuzama. Tulilijaribu kwanza uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa kwenye breki ya mkono, kisha mzee akaliendesha mwenyewe barabarani kabla ya kuturuhusu.

Yapasa tuseme wazi kwamba hatumshauri mwanachuo asiye na mtu mjuzi kando yake kuzigusa breki. Bushi ni jambo moja. Silinda ni jambo lingine. Lakini kanuni yake anaweza kuipeleka darasani bila gari lolote. Chukua bomba mbili za sindano ambazo hazijapata kutumika, zisizo na sindano, moja ndogo na moja kubwa, na mpira mwembamba wa kuziunganisha. Zijaze maji ndani ya beseni ili pasiwe na hewa. Mwanafunzi akisukuma bomba ndogo, bastola ya bomba kubwa itainuka papo hapo, kwa mwendo mfupi zaidi lakini kwa nguvu zaidi, hata ikainua kitabu. Halafu acha povu kubwa la hewa liingie, na mwambie asukume tena. Atausikia mguu wa dereva katika kidole gumba chake. Tumelifanya jaribio hilo mara nyingi, na hatujapata kuona darasa lililochoka kulitazama.

Juma lililofuata tulirudi milimani. Njiani neno la mzee lilikuwa likirudi masikioni mwetu, na katikati ya kona za Soni, mahali tulipokuwa tumesimama na tairi mferejini, lilibadilika likawa juu ya lile daftari. Tulikuwa tumeandika kwamba mtoto aongezewe mazoezi. Je, tulikuwa tumeuliza yanakwenda wapi?

Mwanachuo wetu alikuwa ametii maagizo kwa uaminifu. Kila siku, wenzake walipokwenda nyumbani, mtoto yule alibaki darasani na maswali ishirini. Alikuwa ameyafanya yote. Yale yasiyohitaji kukopa alikuwa ameyapata, na yale ya kukopa ameyakosa, siku tano mfululizo, na kwa namna ile ile. Mtoto asiye na utulivu hakosi kwa utaratibu wa namna hiyo. Tulipomwendea alilifunika daftari kwa mikono yote miwili. Hakuwa akifanya hivyo mara ya kwanza tulipomwona.

Tulikaa kwenye dawati lake, magoti yetu yakigusa ubao, tukamwomba atufanyie swali moja kwa sauti, si ili tumsahihishe, bali ili tujue anavyofanya. Alitutazama kwa mashaka. Kisha akaanza 52 kutoa 37: "Mbili toa saba haitoki. Kwa hiyo saba toa mbili, tano. Tano toa tatu, mbili. Ishirini na tano."

Alikuwa na kanuni, nayo aliifuata bila kukosea hata mara moja. Kila penye namba mbili zilizopangwa juu na chini, ndogo hutolewa katika kubwa. Kanuni hiyo ilimpa sahihi katika nusu ya maswali, na kila sahihi iliizidisha nguvu. Maswali ishirini ya kila siku hayakuwa yakimtibu. Yalikuwa yakimzoeza kosa lake hadi likawa imara. Nasi ndio tulioyaagiza.

Mwanachuo alileta vijiti vya kuhesabia, vimefungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba. Mbele ya mtoto tuliweka mafungu matano na vijiti viwili, tukamwomba atupe thelathini na saba. Alitoa mafungu matatu upesi. Akaangalia vijiti viwili vilivyobaki peke yake. Akatazama chini ya dawati, kana kwamba vingine vimeanguka. Kimya kilikuwa kirefu, na mwanachuo alijongea ili amsaidie. Tulimgusa mkono akasimama. Mtoto alilishika fungu moja, akaligeuza, akaliweka chini, akalishika tena.

"Mwalimu," aliuliza, "naruhusiwa kufungua?"

Tulimwambia kwamba anaruhusiwa. Alifungua fungu lile, akahesabu vijiti kumi na viwili, akatupa saba, akabaki na fungu moja na vijiti vitano. Alivitazama kwa muda. Halafu akafungua daftari mwenyewe, akatazama ile 25 iliyokatwa kwa wino mwekundu, wala hakusema kitu.

Siku hiyo hiyo tuliandika taarifa ya kurekebisha alama za mwanachuo, tukieleza kwamba lile alilopungukiwa lilitokana na ushauri wetu. Ofisini tuliulizwa kama jambo hilo ni la lazima, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo. Tulijibu kwamba ni la lazima. Kumweleza mwanachuo mwenyewe kulikuwa kugumu kuliko kuandika taarifa. Alisikiliza akitazama viatu vyake, kisha akasema kwamba na yeye alikuwa ameamini kuwa mtoto anafanya makusudi.

Tungependa kuandika kwamba tangu hapo mtoto hakukosea tena. Baada ya siku chache mwanachuo alitufuata uwanjani, daftari mkononi, uso umemparama. Mtoto alikuwa amepata maswali yote ya kukopa. Lakini kwenye 74 kutoa 31, ambalo zamani alilipata, sasa alikuwa amefungua fungu pasipo haja: alipunguza saba ikawa sita, akaifanya nne kumi na nne, akatoa moja akapata kumi na tatu, akaiandika yote, na mbele yake akaandika tatu. Jibu lilisomeka 313.

Mwanachuo alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Hakuichomoa. Alimwita mtoto, wakakaa wote wawili kwenye ngazi za darasa, daftari katikati yao, nasi tukamsikia akimwuliza alianzaje.